Uji Umemwagikia Mtoto: Maji Kwanza, Asali Baadaye

Uji wa moto huunguza vibaya kuliko chai kwa sababu hauchuruziki. Hunata kwenye ngozi ukiwa na joto lake, na kila sekunde unayobaki pale unazidi kuipika nyama iliyo chini. Mafuta ya kukaangia maandazi ni hatari zaidi: maji yakichemka hufika nyuzi 100, mafuta hayo hufika 180 au zaidi, hivyo hata matone machache huchimba.

Ngozi haiachi kuungua pale chanzo kinapoondolewa. Ukimfuta mtoto uji na kumbeba mbio kutafuta dawa, joto lililokwisha kuingia bado linashuka kutoka ngozi ya juu kwenda chini. Kidonda ambacho kingepona kwa siku 10 bila kovu kinaweza kugeuka kuwa cha wiki 4 na kuacha alama ya maisha. Ndiyo maana dawa, iwe ya dukani au ya shambani, haiji kwanza. Kwanza ni maji.

Dakika 20, kwa saa

Mvue nguo zote zilizolowa. Sweta na soksi hufyonza uji na kuugandisha mwilini, na nepi hukusanya chai ya moto mahali ambapo hakuna anayepatazama. Ifungue hata kama unadhani kilichomwagikiwa ni tumbo tu. Vua pia bangili, pete, saa, shanga za kiunoni, na uzi au hirizi iliyofungwa mkononi. Mwili hufura ndani ya saa chache, na uzi uliokuwa umelegea asubuhi unaweza kuwa unakata mzunguko wa damu jioni. Nguo ikiwa imegandamana na ngozi usiivute: kata kwa mkasi kuizunguka, kipande kilichoganda kibaki.

Kisha mwagia maji ya baridi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 kamili. Tazama saa au weka kengele kwenye simu, maana mtoto akilia dakika 3 huonekana kama nusu saa, na hapo ndipo wengi huacha. Akichoka, pumzika kidogo uendelee. Hata kama ajali ilitokea saa moja au mbili zilizopita bila kumwagiwa maji, mwagia sasa. Hadi saa 3 baada ya kuungua maji bado yanasaidia.

Nyumba isiyo na bomba haikosi njia. Ndoo ya lita 20 na kopo vinatosha: mimina polepole, kama lita 1 kwa dakika, na ndoo moja itakufikisha mwisho. Kama maji ni ya kununua, weka beseni safi chini uyakinge na kuyarudia, mradi hayajapata joto. Maji ya mtungi ni mazuri sana kwa kazi hii, kwa kuwa udongo huyapoza bila kuyafanya barafu. Ikiwa una bomba, yaache maji yatoke kidogo kwanza na uyajaribu kwa mkono wako: mpira uliolala juani au tangi jeusi juu ya paa hutoa maji ya moto saa saba mchana. Na kama yaliyopo ni ya kisima tu, usisubiri kuyachemsha. Poza nayo sasa, kidonda utakisafisha baadaye.

Barafu hapana. Husinyaza mishipa ya damu, ngozi iliyojeruhiwa ikanyimwa damu inayoihitaji, na yenyewe inaweza kuua ngozi kwa baridi. Maji ya friji yaliyo karibu kuganda ni vivyo hivyo.

Unapopoza kidonda, usimpoze mtoto mzima. Sehemu nyingine za mwili zifunike kwa kanga au blanketi, hasa kwa mtoto mchanga na mahali pa baridi kama Njombe au Limuru. Akianza kutetemeka au midomo kubadilika rangi, simamisha maji umpashe joto.

Dakika 20 zikiisha, funika. Nailoni nyembamba ya kufungia chakula, ile ya kwenye mkunjo, ni kifuniko kizuri cha mwanzo: tupa mzunguko wa kwanza ulioshikwa na mikono, kisha laza kipande juu ya kidonda kwa urefu. Usikizungushe mkononi au mguuni kama bandeji, kwa sababu kiungo kikifura kitabanwa. Kama hakuna, tumia kanga ya pamba iliyofuliwa na kupigwa pasi. Maumivu hupungua mara hewa inapozuiwa kugusa kidonda.

Vitu vinavyoletwa mbio kutoka jikoni

Katika dakika hizo 20 majirani watafika, kila mmoja na lake: samli, unga wa ngano, yai bichi, dawa ya meno, mafuta ya taa, chumvi, jivu, mkojo, kinyesi cha ng'ombe, manyoya ya sungura. Wanakuja kwa upendo, na mara nyingi anayeleta ni mtu mzima ambaye huwezi kumkatalia usoni. Mpokee, mshukuru, umwambie, "Bibi, naomba unishikie ndoo, tumalize maji kwanza." Mpe kazi ya kufanya. Hiyo huokoa kidonda na heshima pamoja.

Madhara yake hayafanani. Samli, siagi na mafuta ya kula hufunika joto ndani, kama sufuria iliyofunikwa. Dawa ya meno huleta ubaridi wa mnanaa unaodanganya, huku ngozi ikiendelea kuungua na kuwashwa. Ikikauka huganda, na kuibandua ni kuitoa na ngozi. Unga hufanya donge linaloshika kidonda na kulisha vijidudu. Yai bichi linaweza kubeba bakteria wa kuharisha, na ute wake ukikauka hukaza kama gundi. Kinyesi, udongo na jivu la jikoni vinaweza kuingiza vijidudu vya pepopunda, ugonjwa unaoua hata mtu mwenye kidonda kidogo. Manyoya ya sungura husifiwa kwamba kidonda hukauka nayo. Kweli hukauka kwa juu, lakini nywele hufungiwa ndani ya utando na usaha hujikusanya chini yake. Kuzitoa moja moja hospitalini ni mateso kwa mtoto.

Weka kwenye orodha hiyo pia unga wa vidonge vya antibiotiki vya rangi mbili unaonyunyizwa kidondani. Hauzuii maambukizi, hutengeneza ganda na kuwazoeza vijidudu dawa. Ile dawa ya zambarau, GV, hupaka kidonda rangi kiasi kwamba hata daktari hawezi tena kuona kina chake.

Cha nyumbani na cha hospitali

Kipimo unacho mwilini. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe, pamoja na vidole vilivyobanwa, ni karibu asilimia 1 ya ngozi yake. Kiganja cha mtoto kimpime mtoto, cha baba kimpime baba. Jeraha lenye malengelenge likizidi ukubwa wa kiganja hicho, mpeleke kituo cha afya. Likifika viganja 5 kwa mtoto au 10 kwa mtu mzima, hiyo ni hospitali yenye kulaza wagonjwa na kutundika dripu, maana mwili unapoteza maji mengi kupitia ngozi iliyofunguka.

Kina kinajulikana kwa kutazama na kwa kuuliza. Jeraha la juu juu huuma, huwa joto na halina malengelenge. Vitabu vingi husema "wekundu", lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta mahali palipozidi weusi au penye uzambarau, ulinganishe na upande wa pili wa mwili. Jeraha la kati huwa na malengelenge, na lengelenge likifunguka chini huonekana nyama ya waridi, yenye maji, inayouma hata ikipitiwa na upepo. Hii rangi ya waridi ni ile ile kwa watu wa rangi zote. Jeraha la kina ni jeupe kama nta, la kahawia au jeusi, kavu, gumu kama ngozi ya ngoma, na haliumi. Watu hufarijika mtoto asipolia ukimgusa hapo. Kutokuuma ndiyo ishara mbaya kuliko zote, kwa sababu neva zenyewe zimeungua. Kidonda cha namna hiyo ni cha hospitali hata kikiwa na ukubwa wa sarafu.

Wengine wa kwenda hospitali bila kupima ni hawa: aliyeungua uso, mikono, nyayo, sehemu za siri au juu ya kiungo kama goti na kiwiko, aliyeungua kuzunguka mkono au mguu mzima, mtoto chini ya mwaka 1, mzee, mjamzito, mwenye kisukari, selimundu au kifafa, na kila aliyepigwa na umeme, kwa sababu shoti huacha tundu dogo nje na kuunguza misuli ndani, na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Aliyekuwa ndani ya moshi, sauti ikakwaruza, nywele za pua zikaungua au akatema makohozi meusi, asisubiri hata dakika: koo linaweza kufura likaziba.

Maji ya betri na kemikali nyingine hufuata kanuni ya maji, ila kwa muda mrefu zaidi, nusu saa hadi saa nzima, huku ukielekeza maji yasitiririkie macho wala mwili mzima. Usimimine ndimu wala magadi ili "kuvunja" kemikali. Vikikutana huzalisha joto jipya. Chokaa kavu au unga wowote wa kemikali upanguse kwanza ukiwa mkavu, ndipo umwage maji mengi.

Safari ya hospitali ikiwa ndefu na mgonjwa ana fahamu, hatapiki, mnyweshe kidogo kidogo maji yenye chumvi na sukari ya pakiti, ile inayochanganywa na lita 1 ya maji safi. Uliza kuhusu chanjo ya pepopunda mkifika: kama ni zaidi ya miaka 5 tangu ya mwisho, au hakuna anayekumbuka, huenda akahitaji sindano, hata kwa kidonda mtakachotibu nyumbani.

Maumivu

Mtoto mwenye maumivu hali, halali, na hakuruhusu umsafishe. Mpe parasetamoli: miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Dawa ya maji iliyoandikwa miligramu 120 kwa mililita 5 maana yake mtoto wa kilo 8 anapata mililita 5, wa kilo 12 anapata 7.5, wa kilo 16 anapata 10. Soma chupa kwanza, kwa sababu zipo zenye nguvu tofauti, na pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe kilichokuja na dawa. Vijiko vya nyumbani havilingani. Mtu mzima humeza vidonge 2 vya miligramu 500 kila saa 6. Aspirini asipewe mtoto. Mpe dawa kama dakika 45 kabla ya kubadilisha kifungio, si baada.

Kusafisha

Chemsha nusu lita ya maji kwa dakika 10, tia kijiko cha chai kimoja cha chumvi kilichosawazishwa juu, funika hadi yapoe kabisa. Haya ndiyo maji ya kuoshea. Spiriti, dettol na dawa za kuua vijidudu zenye nguvu huunguza chembe changa zinazojaribu kuziba kidonda. Nawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni, mimina maji ya chumvi juu ya kidonda, kausha ngozi ya pembeni kwa kugusagusa kwa gozi safi (kitambaa chembamba cha kufungia vidonda), usisugue.

Lengelenge dogo, lisilozidi ukucha wa kidole kidogo, liache. Ngozi ile ya juu ni bandeji isiyo na mfano wake, haina kijidudu na haiumi. Kubwa lililo mahali pa kukunja litapasuka tu, na ni bora lifunguliwe na muuguzi kwa kifaa kilichotakaswa. Likipasuka lenyewe, osha na ukate kwa mkasi uliochemshwa ile ngozi iliyokufa inayoning'inia, bila kuvuta iliyoshika.

Asali

Kati ya dawa zote za asili, asali ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi. Majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa wenye majeraha ya kina cha kati yameonyesha vidonda vilivyofungwa kwa asali vikiziba siku 4 hadi 5 mapema kuliko vilivyofungwa kwa vifungio vya kawaida. Sababu zinaeleweka. Sukari yake nyingi hunyonya maji, bakteria wakakauka. Ni chachu, na bakteria wengi hawapendi uchachu. Halafu ndani yake kuna kimeng'enya kinachotoka kwenye tezi za kichwani mwa nyuki ambacho, asali ikichanganyika na majimaji ya kidonda, huzalisha polepole haidrojeni peroksaidi, dawa ile ile ya kuua vijidudu inayouzwa kwenye chupa, lakini kwa kiasi kidogo kisichoumiza.

Kimeng'enya hicho hufa kwa joto. Asali iliyochemshwa ili ionekane nyepesi na ya kung'aa imepoteza nguvu hiyo, na iliyochanganywa na sukari guru si asali halisi. Usitegemee vipimo vya mitaani, vya kuitia kwenye maji au kuiwashia kiberiti. Asali bandia nzito huvipita. Nunua kwa mfugaji nyuki au chama unachokijua, iliyochujwa bila moto, iliyofungwa, iwe ya Tabora, Singida au Kitui. Fungua chupa moja kwa ajili ya kidonda peke yake, ile ya mezani iliyochovywa vijiko isitumike. Asali ya nyuki wadogo wasiouma inasifiwa sana, lakini ina maji mengi zaidi, huchuruzika na kuchachuka upesi. Katika maduka makubwa ya dawa mijini huweza kupatikana asali ya vidonda iliyotakaswa kwa mionzi. Kama uwezo upo, hiyo ndiyo bora. Asali mbichi inaweza kubeba mbegu za bakteria hatari kwa mtoto chini ya mwaka 1, kwa hiyo huyo asilishwe wala asipakwe.

Paka asali kwenye gozi, si kwenye kidonda. Kipande cha sentimita 10 kwa 10 huhitaji kijiko kikubwa kimoja kilichojaa, mililita 15 hadi 20. Kijiko chenyewe kiwe kimechemshwa. Isambaze ilowe kitambaa chote. Gozi lizidi kidonda kwa sentimita 2 kila upande. Laza, weka juu yake gozi kavu lililokunjwa mara kadhaa la kunyonya, kisha bandeji ya kushikilia. Bandeji isibane: bonyeza ukucha wa kidole kilicho mbele yake hadi upauke, uachie, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Isiporudi, legeza.

Itachoma kwa dakika chache kwa sababu ya ule uchachu, kisha itatulia. Ikiendelea kuchoma nusu saa nzima, osha, uache. Siku 2 au 3 za mwanzo kidonda hutoa majimaji mengi, na majimaji huichuja asali mpaka ikose nguvu, hivyo badilisha kila siku, au mara tu kifungio kinapoloana hadi nje. Baadaye kila baada ya siku 2 inatosha. Kosa linalorudiwa sana ni kupaka asali na kuacha wazi: inzi na sisimizi wanakuja, nguo zinaganda, na dawa yote inaishia kwenye shuka.

Jani la mgomba

Gozi kavu huganda kwenye kidonda, na ukilibandua linang'oa ngozi mpya iliyozaliwa usiku. Jani la mgomba haligandi. Lina nta, ni pana, laini, hushika unyevu, na Bukoba au Kisii halina bei. Madaktari nchini India walilijaribu kwa wagonjwa wa moto, likiwa limetakaswa kwanza, na wagonjwa waliona maumivu kidogo wakati wa kubadilisha. Huko kutakaswa ndiko kunakofanya liwe kifungio.

Chagua jani changa lililofunguka karibuni, lisilo na madoa wala mapasuko. Osha pande zote kwa sabuni, suuza kwa maji mengi, ondoa uti wa katikati, kata vipande vikubwa kuliko kidonda. Vichemshe kwenye sufuria yenye kifuniko dakika 20. Kubabua juu ya moto, kama tunavyofanya kwa jani la kufungia chakula, hulainisha tu; haliwi safi kwa kidonda na hubaki na masizi. Toa kwa koleo lililochemshwa nalo, liache lipoe kwenye sahani iliyochemshwa pia, usiliguse upande utakaolala kidondani. Laza upande wake laini juu ya kidonda kilichooshwa, ukiwa mtupu au umepakwa asali kwa kijiko kilichochemshwa, toboa matundu machache majimaji yapite, weka gozi la kunyonya na bandeji. Kila siku jani jipya. Lililobaki halitunzwi hadi kesho.

Mshubiri na papai

Mshubiri ni wa jeraha la juu juu, lisilo na malengelenge, na wa ngozi iliyokwisha kufunga. Kata jani la nje, nene, lililokomaa. Lisimamishe wima, mkato ukiwa chini ndani ya kikombe, dakika 15, utomvu wa njano utoke wote; huo ndio mchungu, na ndio unaowasha ngozi. Osha, kata miiba ya pembeni, bandua ganda la juu, kisha suuza kipande cha ute kilicho kama kioo. Jaribu kidogo upande wa ndani wa mkono usioungua. Kama hakuna upele wala muwasho baada ya nusu saa, paka mara 2 au 3 kwa siku. Ute uliokatwa hukaa kwenye friji siku 2, basi. Shubiri za porini zinazoota sehemu kavu ni jamii nyingine, nyingi zina utomvu mkali kuliko ute. Ziachie mahali pake. Jeli za dukani zenye rangi ya kijani na manukato mara nyingi zina spiriti, nazo huchoma.

Papai lina sifa ya kweli. Katika wodi ya watoto ya Hospitali ya Royal Victoria mjini Banjul, Gambia, nyama ya papai iliyopondwa ilitumika kwa vidonda vya moto vilivyooza, kwa kuwa vimeng'enya vyake huyeyusha nyama iliyokufa. Lakini pale palikuwa na wauguzi wa kuangalia kila siku. Utomvu wa papai bichi huunguza hata ngozi isiyo na jeraha, na kidonda chenye nyama iliyokufa kwa vyovyote si cha nyumbani. Kwa kidonda cha mwanao, papai ni la kula.

Na ale kweli. Ngozi hujengwa kwa protini: maharage, dagaa, maziwa, yai lile lile ambalo halikupakwa. Ongeza mboga za majani, embe na machungwa, na maji ya kunywa kila mara.

Siku zinazofuata

Jeraha la juu juu hutulia ndani ya wiki 1. La kati lisilo la kina sana huziba kwa siku 10 hadi 14. Kidonda ambacho wiki 2 zimepita na hakionyeshi kusogea kingo zake, kipeleke kikaonwe; kikipita wiki 3, kovu nene karibu halikwepeki na huenda kupandikizwa ngozi kukahitajika. Usingoje mwezi.

Maumivu yalitakiwa kupungua kila siku. Yakianza kupanda tena baada ya siku ya 3, tafuta sababu: harufu, usaha wa kijani, weusi au uvimbe unaosambaa nje ya kidonda, homa ya nyuzi 38 na kuendelea. Majimaji ya njano mepesi yasiyo na harufu ni ya kawaida na si usaha. Na kuna hali moja ya watoto wadogo ambayo kila mlezi anapaswa kuijua: kidonda ni kidogo, kinaonekana safi, lakini katika siku chache za mwanzo mtoto anapata homa kali, upele, anatapika au kuharisha, analegea. Hiyo ni sumu ya bakteria iliyoingia kwenye damu. Kimbia hospitali usiku huo huo.

Mkao nao hutibu au huharibu. Mtoto hukunja kiungo kilichoungua kwa sababu ndivyo anavyopata nafuu, na ngozi mpya hujishona katika mkunjo huo. Kwa hiyo vidole vitenganishwe, kila kimoja na gozi lake, la sivyo vitaota pamoja. Kiwiko na goti vilale vikiwa vimenyooka, nyayo iwe imesimama kama mtu aliyesimama wima, na aliyeungua shingo alale bila mto. Mchezeshe kiungo hicho mara kadhaa kwa siku, baada ya dawa ya maumivu kuanza kufanya kazi.

Kidonda kikishaziba kabisa, bila sehemu hata moja yenye unyevu, ndipo mafuta ya nazi yanapata zamu yake. Ngozi mpya haina tezi nzuri za mafuta, hukauka na kuwasha, na mtoto akijikuna hufungua kidonda upya. Paka mafuta yasiyo na manukato, sugua kwa kidole gumba kwa miduara, ukikandamiza mpaka pale panapopauka, dakika 5 hadi 10, mara 2 au 3 kwa siku, kwa miezi kadhaa. Kovu likianza kuinuka, kuwa gumu na kuvuka mpaka wa kidonda cha awali, mwone daktari mapema. Ngozi nyeusi ina mwelekeo mkubwa zaidi wa makovu ya kuvimba, nayo hutibika vizuri yakiwa machanga. Rangi hurudi taratibu kuanzia pembeni, na inaweza kuchukua miezi mingi. Wakati huo wote, hadi mwaka mmoja, likinge kovu na jua kwa shati la mikono mirefu au kofia pana, kwa sababu ngozi hiyo huungua haraka na hubaki na mabaka. Krimu za kung'arisha zisikaribie hapo kabisa.